Mama Alipokula Mbele ya Mkwe

Mama yangu alikula kamba na pweza mbele ya mkwe wake, kwenye hoteli yenye vitambaa vyeupe mezani, na akamaliza kwa kulamba vidole. Mkwe mwenyewe hakuwa mume wangu. Alikuwa mume wa mdogo wangu. Kwa mtu wa pwani hilo ni jambo la kawaida, tena la heri: mama kafurahi, kala, kashiba. Kwetu sisi Waha, ningesimuliwa na mtu mwingine ningemwambia aache uongo.

Niseme mapema kwamba nilikuwa na wivu. Wapo watu wanaosema hawakuwa na wivu, waliumia tu. Mimi nilikuwa na wivu, na haukungoja samaki wafike mezani. Ulianza pale gari jeupe la kukodi lilipoingia uani kwangu hapa Kasulu, mdogo wangu akashuka na miwani yake ya jua, na mama, aliyekuwa analalamikia magoti tangu asubuhi, akatoka nyumbani kwake nusura akimbie.

Mdogo wangu anaishi Dar es Salaam. Aliondoka huku na sanduku la bati, akasoma, akapata kazi kwenye ofisi yenye kiyoyozi, akaolewa na kijana wa Tanga anayefanya kazi bandarini. Harusi ilifanyika hukohuko, baba mdogo akaenda kutuwakilisha, na mama alikuja kumwona huyo kijana baadaye, mara moja tu, msibani kwa baba. Mimi nilibaki. Nina duka la vitenge sokoni na cherehani mbili, na miaka yote mimi ndiye wa kumpeleka mama hospitali, mimi ndiye wa kumkata kucha, mimi ndiye ninayejua kikohozi chake cha vumbi na kikohozi chake cha homa. Lakini mdogo wangu akipiga simu Jumapili, mama anaisimulia simu ile mpaka Jumamosi. Uji ninaompelekea kila asubuhi haujawahi kusimuliwa kwa mtu. Kipya kinyemi, na aliye mbali ni mpya kila siku.

Mama hakuwa anaishi ndani kwetu. Baba alipofariki tulimtoa Kibondo tukamleta hapa, na mume wangu, ambaye ni seremala, akamjengea nyumba ya vyumba viwili nyuma ya yetu, ng'ambo ya shamba la mihogo. Mlango wake unatazama kule, hautazami kwetu. Asiyejua anaweza kudhani tumemtenga. Kwetu mama mkwe na mkwe wanaoneana soni. Hawakai chumba kimoja, hawatazamani usoni, na zaidi ya yote hawali wakionana. Mume wangu akiwa na shughuli upande ule anazunguka njia ndefu ya nyuma ya mihogo, na kabla ya kufika kwenye kona anakohoa. Mama akisikia kikohozi anajifunika kanga. Kila jioni walikuwa wanasalimiana, yeye nyuma ya ukuta wa jiko la mama, mama mlangoni kwake, wakipiga makofi taratibu kama wafanyavyo wazee wetu, "mwidiwe, mwidiwe," na hakuna aliyeona hata pua ya mwenzake. Vijana wengi wa mjini wameyaacha haya. Mume wangu hakuyaacha, na sikuwahi kumsikia akinung'unika, hata siku ile mama alipokuwa anakula jikoni kwangu naye akasimama nje kwenye mvua mpaka sahani ikaoshwa.

Masika ya mwaka jana mama alianguka. Aliamka kutafuta maji, akateleza, akalala sakafuni mpaka nilipofika na uji. Hakuvunjika, namshukuru Mungu, lakini tangu hapo usingizi wangu ukawa wa kuibia. Wanangu wako bweni au wameshaolewa, hakuna mjukuu wa kulala naye, na binti tuliyemwajiri alikaa kidogo akaondoka kwenda Kigoma mjini. Nilimsihi mama ahamie ndani kwetu, chumba kipo. Alinitazama kana kwamba nimemwambia atembee uchi sokoni. Akaniuliza kama nimesahau nimeolewa na nani.

Habari ya kuanguka mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia mdogo wangu kwa simu, na hapo ndipo nilipojichongea. Akaja baada ya miezi michache na mumewe, na sababu ya safari ilikuwa kusherehekea siku ya kuzaliwa ya mama. Mama hajui alizaliwa lini. Anachojua ni kwamba bibi alikuwa anavuna maharage. Tarehe iliyo kwenye kitambulisho chake cha taifa aliibuni karani siku ya kujiandikisha, maana foleni ilikuwa ndefu, na mwezi wenyewe huku kwetu hakuna anayevuna maharage. Lakini mdogo wangu alikuwa ameikariri tarehe hiyo, ameshaagiza keki, na ameshaweka meza kwenye hoteli mpya ya samaki.

Kabla hatujaondoka alinieleza lililomleta. Tulikuwa sebuleni kwangu, mama yuko kwake anajaribu nguo. Alisema wanataka kumchukua mama akaishi nao Dar. Kuna chumba cha chini kisicho na ngazi, kuna msichana wa kazi atakayelala naye, hospitali iko karibu. Watamwomba leo hii mezani, akiwa amefurahi. Mumewe alikuwa anaitikia kwa kichwa. Ni mtu mwenye sauti ya taratibu, anaamkia vizuri, anatoa viatu mlangoni hata ukimwambia asitoe. Nilitafuta cha kumchukia nikakosa, na hilo likanikera zaidi.

Sikubisha. Sikuwa na hofu, kwa sababu nilijua jambo ambalo mdogo wangu ama alikuwa amelisahau au hakutaka kulikumbuka. Mama asiyeweza kumeza tonge mbele ya mkwe ataishije kwenye nyumba ya mkwe? Nilimwona tayari, amekaa na mikono mapajani mbele ya sahani ya samaki wa bei mbaya, chakula kinapoa, na mpango nao unapoa. Nilimwambia mdogo wangu, kwa upole wa kinafiki, kwamba huenda mama asile sana hotelini. Akasema atakula, jamani, ni samaki. Nikasema haya. Fimbo ya mbali haiui nyoka, nikajisemea, nikaenda kuvaa.

Nilikuwa nimemshonea mama gauni la kitenge kwa ajili ya siku ile, la bluu na njano, lenye marinda mabegani. Mama alitoka nyumbani kwake amevaa dera la zambarau aliloletewa kutoka Dar, lenye vito vya kumeremeta kifuani. Akaniambia lile langu atalivaa kanisani. Nikamwambia amependeza, na ulimi ukaniwasha.

Hoteli iko barabara ya kwenda Kigoma. Aliyeifungua ni mfanyabiashara aliyekuwa anauza mabati na saruji, ambaye ukoo wake ulitoka pwani, na alipoanza watu walimcheka. Nani atakula pweza huku milimani? Lakini wafanyakazi wa mashirika ya kambi za wakimbizi wakaja, wakubwa wa ofisi wakaja, na sasa ukitaka meza Jumamosi unapiga simu kwanza. Mlangoni kuna sanduku la kioo lililojaa barafu. Upande mmoja wamelala migebuka, kuhe na sangala wa ziwani kwetu, upande mwingine vitu vya bahari vilivyosafirishwa kutoka Dar es Salaam. Mama alisimama pale muda mrefu. Migebuka aliifahamu, akaisalimia kwa jicho. Alipofika kwenye pweza aliuliza kile kichwa kina miguu au ni miguu yenye kichwa. Mkwe akamweleza taratibu, kwa adabu zote. Mama akasema mtu wa kwanza kula kitu kile alikuwa na njaa ya kweli.

Mume wangu alikuja, maana alialikwa, na kukataa mwaliko si adabu. Ila hakuingia ndani. Aliomba meza ya barazani, nyuma ya nguzo, akakaa na dereva wa gari la kukodi, mgongo ameuelekeza mlangoni. Mdogo wangu aliniuliza mbona shemeji anatutenga. Nikamwambia amuulize mama. Hakuuliza.

Alimketisha mama katikati, mumewe kulia, yeye kushoto. Mimi nilipewa ng'ambo ya meza, mahali pa kuona kila kitu, na nikafurahi kama mtu aliyepata kiti cha mbele kwenye mpira. Mhudumu, dada aliyezaliwa ng'ambo ya ziwa, akaleta bakuli la maji ya kunawa yenye kipande cha ndimu ndani. "Mamaa, munawe," akasema kwa Kiswahili chao kile cha Kongo kinachobembeleza. Mama akanawa. Kisha akaiweka mikono mapajani, kama nilivyotabiri.

Vyakula vikaja. Kuhe mzima wa kuchoma aliyefunika sinia, wali wa nazi, pweza kwenye mchuzi mzito, kamba wa kukaanga na kitunguu saumu wakiwa na vichwa vyao na ndevu zao. Mdogo wangu akapiga picha. Mama hakusogea. Alikuwa anakitazama kitambaa cha meza, na ncha ya kanga ilikuwa imeshapanda kidogo kuelekea mdomoni. Mdogo wangu akamhimiza ale. Mama akasema anakuja, anakuja. Nilikata kipande cha kuhe nikakitafuna polepole, kitamu kweli, na moyoni nilikuwa ninamhesabia mdogo wangu aibu inayokuja.

Mume wake hakumhimiza mama. Alichukua kamba mmoja, akamng'oa kichwa, akammenya ganda, akatoa ule uzi mweusi wa mgongoni, akamweka kwenye sahani ya mama. Akachukua wa pili. Alikuwa anamenya tu, na vidole vyake vilionekana vimezoea. Kamba wakafika wanne au watano pale sahanini, weupe, wamejikunja.

"Mama, hawana mwiba," alisema hatimaye. "Ukiwaona wageni, funga tu macho."

Mama alimtazama. Namaanisha alimtazama usoni, macho kwa macho, mama mkwe na mkwe, katikati ya hoteli iliyojaa watu. Kisha akachukua kamba mmoja kwa vidole, akatia mdomoni, akatafuna. Akasema ni panzi wa majini. Akachukua mwingine. Akaomba aonjeshwe na ile miguu yenye kichwa. Mkwe akamchotea pweza, mama akala pweza, akauliza kama kule Tanga watoto wadogo nao wanakula hiki kitu, akacheka mdomo wazi na chakula kikiwa bado ndani, na akalamba mchuzi kidoleni.

Nilitazama barazani. Kutoka pale nilipokaa nilikuwa ninaona kisogo cha mume wangu na bega moja, ameinamia sahani yake nyuma ya nguzo. Mtu huyu alizunguka mihogo miaka yote. Alisimama kwenye mvua. Alimjengea mama nyumba, akamchongea kitanda, akamtengenezea na kigoda cha kuotea jua, na hakuwahi hata siku moja kumwona mama akitafuna. Mwenzake kafika juzi, kamenya kamba watano, kafunguliwa mlango mpaka ndani. Wivu uliokuwa wangu peke yangu ukawa wa watu wawili, na mwenzangu hakuwa na habari.

Ikaletwa keki. Wahudumu wakaja wanaimba na kupiga makofi, meza za jirani zikaitikia. Na keki ikiletwa, kama tunavyojua, lazima watu walishane. Mdogo wangu akamshika mama mkono, akamlisha. Mama akamlisha yeye. Akanilisha mimi, nikapokea. Mkwe wa Tanga akasogea na kipande kwenye uma, na mama akafungua mdomo. Watu wakashangilia. Halafu mdogo wangu, akiwa amenogewa, akaita kwa sauti kwamba bado mkwe mkubwa, shemeji aje naye alishwe. Mhudumu mmoja akaenda kumwita, na mume wangu, kwa kudhani kuna la dharura, akatokeza mlangoni.

Mama alijifunika kanga kichwa kizima. Aligeuka na kiti chake mpaka akawa anatazama ukuta, na keki ikamdondoka mkononi. Mume wangu alishika mlango, akatazama chini, akarudi nyuma kinyumenyume na kutoweka. Yote yalikwisha kabla wimbo haujaisha. Mdogo wangu alicheka kwa kutahayari, akasema, "Jamani mama, shemeji kakukosea nini?" na watu wa meza ya jirani wakacheka pia, kwa sababu walidhani ni utani wa kifamilia.

Kwa mume wake, mdomo wazi. Kwa mume wangu, kanga usoni. Niliondoa keki kwenye sahani yangu nikaifunga ndani ya kitambaa cha karatasi, sijui hata nilitaka kuipeleka wapi.

Mama alipogeuka, kanga ikiwa imeshuka mabegani, mdogo wangu alimshika mikono yote miwili akamwomba. Alieleza chumba, msichana wa kazi, hospitali. Mumewe akaongeza kwamba nyumba ni ya mama, asijione mgeni. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakunitazama.

"Ego," akakubali kwa Kiha. "Nitakuja."

Tukarudi nyumbani. Nilipanda pikipiki na mume wangu, wao wakapanda gari, na njia nzima nilikuwa ninaongea na kisogo chake, kwamba ameona, kwamba ameona alivyofanyiwa. Aliniambia kuhe alikuwa mzuri, ila wamemzidishia chumvi.

Asubuhi nilimpelekea mama uji kama kawaida. Nilimkuta mlangoni kwake anachambua maharage kwenye ungo. Niliweka kikombe chini kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Akaniambia nikae, mimi nikasimama. Akaendelea kuchambua.

"Umekasirika kwa sababu nilikula," akasema.

Nilimwambia sikukasirika. Kisha nikamwambia yote. Nilimwambia mume wangu ni mtu, si jini la kujifunika mtu akiliona. Nilimwambia kama soni inaondolewa na kamba, tungenunua kamba zamani. Nilimwambia amemwaibisha mkwe wake mbele ya watu, na kumpa heshima mtu ambaye hata njia ya kuja hapa anaonyeshwa na simu. Sauti yangu ilikuwa inapanda na sikuizuia. Mama aliokota jiwe dogo kwenye maharage akalitupa.

"Yule kijana ni mzuri sana," akasema. "Ni mgeni mzuri. Mgeni akikumenyea chakula usile, umemtukana. Nitamwonea soni mgeni kwa lipi? Harusi yake sikuiona. Hata pombe ya ndizi hakuja kuinywa kwetu. Ni mume wa mtoto wangu, ninampenda, lakini sijui usingizi wake wala njaa yake. Mkwe ninaye mmoja. Yule ninayejificha."

Nikakaa. Kama nilikuwa nimejiandaa kwa jibu lolote, hilo halikuwemo. Furaha ilinipanda mpaka masikioni, furaha mbaya, ya kutamani mdogo wangu awepo asikie. Nikamwambia basi imekwisha, asiende, kama mkwe ni huyu wa hapa basi abaki hapa.

"Nibaki wapi?" akauliza. "Nimezeeka, mwanangu. Nikianguka tena? Ndani kwenu siwezi, kuna mkwe. Kule kwa mdogo wako ninaweza, hakuna mkwe."

Nilimwambia nitazungumza na mume wangu, tutaacha hizi mila, wangapi wameacha, kuanzia leo mtakula meza moja. Mama alisimamisha mikono. Ndiyo mara pekee aliyonikazia macho.

"Ukimleta akae mbele yangu nile, utakuwa umeninyang'anya mkwe," akasema. "Na mwingine sina."

Nilikuwa nimeshinda, na ushindi wenyewe ndio ulikuwa unamfungasha mama mizigo. Nilichukua ungo nikamsaidia kuchambua.

Waliondoka naye wiki ileile. Alivaa gauni langu la kitenge, nalisema hilo kwa sababu nililiona na mdogo wangu aliliona. Gari lilipowashwa mama aliomba lizimwe. Akashuka, akaenda mpaka kwenye ukuta wa jiko, akapiga makofi taratibu. Upande wa pili mume wangu akaitikia. Walisalimiana kwa muda, wakaulizana habari za mwili na za mihogo, na sauti ya mume wangu ilikuwa ndogo kuliko siku zote. Alipotoka nyuma ya ukuta gari lilikuwa limeshafika barabarani. Akaenda kazini na hakula mchana.

Miezi ikapita. Nilikuwa ninaletewa picha: mama kwenye kochi, mama ufukweni na viatu mkononi, mama mezani na yule kijana akimmenyea chungwa. Hizo za mezani nilikuwa ninazifuta kwenye simu, halafu ninajuta, halafu ninamwomba mdogo wangu azitume tena kwa kisingizio kwamba hazikufunguka. Mume wangu sikumwonyesha. Njia yake ya kuzunguka iliota nyasi, lakini bado alikuwa anakohoa akifika kwenye kona, na mimi nilikuwa ninajifanya sikusikia.

Halafu jioni moja mdogo wangu akapiga, akiwa analia. Aliniomba nimwambie ukweli kama mama amechukizwa na mume wake. Mama hakai tena sebuleni. Akisikia honi ya gari getini, anaingia chumbani na kufunga mlango. Chakula anataka apelekewe. Mumewe akimwamkia, anaitikia nyuma ya mlango, tena kwa kupiga makofi, na juzi walipokutana kwenye korido mama alijifunika kanga akakaa chini. Mume wake hali vizuri kwa mawazo, anauliza kosa lake ni nini.

Nilimuuliza yalianza lini. Akafikiri. Akasema yalianza baada ya malaria. Yeye alikuwa safarini kikazi, mama akazidiwa, na mumewe ndiye aliyembeba mgongoni mpaka kwenye gari, akampeleka hospitali, akalala kwenye benchi la nje mpaka mama alipoweza kukaa. Mama aliporudi nyumbani ndipo mambo yalipobadilika.

Ningeweza kumwambia sijui. Nakiri neno hilo lilikuwa tayari ulimini, na kama lingetoka, siku chache tu mama angerudishwa kwangu na yule kijana angebaki na kosa asilolijua. Lakini nilimkumbuka amelala kwenye benchi, na nikamkumbuka mwingine amesimama kwenye mvua.

"Hajamkosea," nikasema. "Amekuwa mkwe."

Nilimweleza yote, tangu mikono mapajani mpaka mgeni mzuri. Mdogo wangu alilia tena, safari hii kwa namna nyingine, na nikajua anachokilia, kwa sababu furaha ile naijua, nilishaionja juu ya ungo wa maharage. Sasa ilikuwa yake, na iliniuma kuigawa. Mume wangu aliipata soni ile kwa kuzunguka mihogo miaka yote. Wake kaipata kwa malaria moja.

Alipotulia aliniuliza mama ataishije pale. Sebule ni moja, korido ni moja, na kiwanja kimebanwa na kuta za majirani pande zote. Akasema mama mwenyewe ameshasema anataka kurudi, kwamba wakwe wake sasa ni wawili na mmoja wao ana mahali pa kuzunguka.

Mume wangu alikuwa mlangoni ananoa patasi. Alikuwa amesikia upande wangu wa maneno. Aliniuliza kuna nini huko, nikamwambia mama ana mkwe mwingine, ameanza kumwonea soni yule wa Tanga.

Patasi ikasimama.

"Yule aliyemmenyea kamba?" akauliza. Nikamwambia ndiye. Nilishangaa, kwa sababu mimi sikuwahi kumweleza habari za kamba. Kumbe kule barazani, kisogo kile kilikuwa kinaona, na mwenzangu wa wivu alikuwa na habari zote.

Kesho yake niliporudi kutoka sokoni nilimkuta nyuma ya chumba chetu cha kulala, amefyeka nyasi, amechomeka vigingi ardhini na anavuta uzi. Alikuwa anapima chumba kidogo cha kuegemea ukuta wetu, na mlango ameupanga utazame mihogo. Alinieleza bila kuinua kichwa: mama atalala upande ule na mimi upande huu, kati yetu tofali moja, akianguka au akiita nitamsikia. Yeye hatasikia kitu, akasema, maana atahamishia kitanda chake upande wa sebule.

Nilisimama pale na mfuko wa nyanya mkononi. Kitu chenyewe kilikuwa rahisi kiasi cha kunitia hasira. Nikamuuliza kwa nini hakukifikiria mwaka jana, mama alipoanguka, kabla ya hoteli na keki na machozi yote yale.

Alipigilia kigingi cha mwisho mpaka kikakaa sawa.

"Mwaka jana," akasema, "nilikuwa mkwe peke yangu."